Risala ya Uta wa Roda na Adabu za Kupiga Mishale

Kwa jina la Mwenyiezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Sifa zote njema zamhusu Mwenyiezi Mungu, aliyempa mwana Adamu mikono ya kutenda, kisha akampa akili ya kuizuia mikono. Na sala na salamu zimshukie bwana wetu Muhammad, aliyewapitia sahaba zake uwanjani wakishindana kwa mishale, akawatia nguvu wala asiwakataze. Na ziwashukie jamaa zake na sahaba zake wote, na kila mwenye kuwafuata kwa wema hatta siku ya malipo.

Ama baad. Enyi ndugu zangu Waislamu, na khasa nyinyi wazazi na walimu wa vyuo, risala hii ni fupi, na jambo lake ni moja: mtu apatapo uta mpya, autengeneze vipi, na aupige kwa adabu gani. Huenda msomaji akasema, "Maalim huyu ameacha kutufundisha udhu na sala, sasa atufundisha mata na mishale?" Nami namwomba asinihukumu mpaka asome sababu ya kuandika.

SABABU YA RISALA

Kijana mmoja aliyesoma kwangu tangu alifu mpaka akakhitimu, kisha akaenda Marekani kutafuta ilmu ya dunia, alirudi kututazama. Katika mizigo yake alikuwa na uta wa namna ambayo sijapata kuiona. Hauna umbo la mwezi mchanga kama mata ya wazee wetu. Ni mfupi, kishiko chake cha madini, na kila ncha ina roda, na kamba zapita huku na huku kama kamba za jahazi. Akaniambia, "Maalim, nimeuleta ili wanafunzi wajifunze sunna." Nikafurahi sana. Baada ya sala ya alasiri tukatoka nao uwanjani nyuma ya chuo, tukaegemeza gunia la makumbi kwenye ua wa makuti, na watoto wakakaa safu kutazama.

Akaushika uta, akaanza kuvuta. Nikaona ameuinua mpaka mshale ukaelekea mbinguni, na mkono wamtetemeka, na uso umemgeuka. Nikamwuliza, "Mbona wauinua hivyo, mwanangu?" Akajibu, "Ni mzito, Maalim. Ni ratili 70." Wakati ule ilinipasa nimwambie aushushe. Sikumwambia. Nilisema, "Vuta, mwanangu, tuone," kwani na mimi nilitaka kuona, na nilipenda watoto waone.

Mshale ukafyatuka kabla hajatua. Ukapita juu ya gunia, ukatoboa makuti, ukatokea upande wa pili. Nyuma ya ua ule ipo njia ya kisimani. Tulikimbia tukamkuta mtoto wa kike wa chuo changu, mwenye miaka saba, amesimama na ndoo yake, na mshale umekita katika mwarobaini, kadiri ya dhiraa moja kutoka kichwani pake. Hakulia. Alikuwa ameutazama tu mshale.

Jioni nilikwenda kwa mama yake kumwomba radhi. Alinikaribisha, akanipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema maneno ambayo yangali masikioni mwangu: "Maalim, mwanangu nimemleta kwako ajifunze Kurani. Sikumleta awe shabaha."

Ndugu zangu, mimi husomesha fikihi ya madhehebu yetu ya Imam Shafii, na katika vitabu vyetu upo mlango mzima wa kushindana kwa farasi na kwa mishale. Mlango huo nimeusomesha miaka mingi. Wala siku ile sikuinuka kwenda hatua ishirini kutazama kilicho nyuma ya ua. Ilmu ilikuwa kifuani, na miguu ilikuwa imekaa. Basi hii ndiyo sababu ya risala, na kosa lililomo si la kijana peke yake. La kwanza ni langu mimi faqiri.

FASLU YA KWANZA: KATIKA FADHILA ZA KUPIGA MISHALE

Jueni kwamba jambo hili lina asili katika dini. Mwenyiezi Mungu katika Suratul Anfal, aya ya 60, ametuamrisha tuandae nguvu kadiri tuwezavyo. Na imepokewa na Imam Muslim kutoka kwa Uqba bin Amir kwamba Mtume (rehema na amani zimshukie) aliifasiri nguvu hiyo juu ya mimbari kuwa ni kupiga, akalikariri neno hilo mara tatu. Na huyo Uqba alipokuwa mzee alikuwa akienda na kurudi baina ya shabaha mbili, hatta mtu mmoja akamwambia kuwa yajitaabisha nafsi yake na umri umekwisha kuwa mkubwa. Akajibu kuwa lau si neno alilolisikia kwa Mtume asingejitaabisha. Nalo ni kwamba mwenye kujifunza kupiga kisha akaacha, si katika sisi.

Na imepokewa na Imam Bukhari kwamba Mtume aliwapita watu wa kabila la Aslam wakishindana, akawahimiza wapige, akawakumbusha kuwa baba yao Ismail alikuwa mpiga mishale. Na Saad bin Abi Waqqas ndiye wa kwanza aliyepiga mshale katika njia ya Mwenyiezi Mungu, na Mtume alimfidia kwa baba na mama yake siku ya Uhud.

Na Imam wetu Shafii, aliyezaliwa mwaka wa 150 wa Hijra na kufa mwaka wa 204, alikuwa hodari wa mishale. Imepokewa kwake kuwa himma yake ujanani ilikuwa katika mambo mawili, mishale na ilmu, na katika mishale alikuwa akipiga kumi akipata kumi. Basi asiseme mtu kuwa mwenye kilemba hana kazi na uta.

Wala uta si mgeni katika nchi yetu. Waata wa bara ya pwani ya Kenya, ambao watu wakiwaita Waliangulu, walijulikana tangu zamani kwa kuwinda ndovu kwa mata mazito sana na mishale ya sumu.

Lakini tuikumbuke na Uhud nzima, tusishike nusu yake. Mwaka wa 3 wa Hijra Mtume aliwaweka wapiga mishale 50 juu ya kilima, amiri wao Abdullah bin Jubair, akawaamrisha wasiondoke pale kwa hali yoyote. Walipoona ushindi wengi wao waliteremka kutafuta ngawira, na msiba ukaingia kwa njia ile ile waliyoiacha. Hawakushindwa kwa kukosa shabaha. Mikono yao ilikuwa mizuri. Walishindwa kwa kukosa kukaa mahali pao. Kwa hiyo fadhila ya kupiga haitimii illa kwa utii na saburi, na mwenye mkono mzuri asiye na saburi ni khatari kwa watu wake kabla ya kuwa khatari kwa adui.

FASLU YA PILI: UTA WA RODA NI KITU GANI

Uta huu ulibuniwa na mtu wa Missouri katika nchi ya Marekani, jina lake Holless Wilbur Allen. Aliomba hati ya kuulinda ubunifu wake mwaka wa 1966, akapewa mwaka wa 1969. Kazi yake ni hii. Uta wa kawaida kadiri unavyouvuta ndivyo unavyozidi uzito, na pale unapotaka kutulia ulenge ndipo unapokuwa mzito kabisa. Allen aliweka roda katika ncha mbili, na msumari wa kila roda haukai katikati yake bali kandoni. Roda inapozunguka, mvuto wapanda mpaka kileleni, kisha wateremka kama mtu aliyepita mgongo wa kilima akaingia bondeni. Mtu mwenye uta wa ratili 60, ikiwa takhfifu yake ni themanini katika mia, akifika mwisho wa mvuto atashika ratili 12 tu, na hapo aweza kutulia na kulenga.

Baadhi ya watu waliniuliza, "Je, si bidaa kuacha uta wa kale?" Nikawaambia: bidaa inayokatazwa ni kuzua katika dini. Chombo si ibada. Mafakihi wetu walizungumza juu ya uta wa Kiarabu na uta wa Kiajemi, wala hawakuharamisha chombo kwa upya wake. Kinachotazamwa ni kusudio la mwenye chombo na madhara yake.

FASLU YA TATU: KATIKA KUUTENGENEZA UTA MPYA

Baada ya siku ile niliuchukua uta nikaufungia chumbani, nikamwambia kijana, "Hautapigwa mpaka tuujue." Tukakaa siku sita, yeye ananisomea kitabu kilichokuja na uta, nami nikisikiliza kama mwanafunzi. Haya ndiyo tuliyoyapata, nami nayaweka kwa taratibu yake, kwani lenye kutangulia likikosewa, la nyuma yake halitengenei.

La kwanza ni jicho. Kila mtu analo jicho moja lenye kutawala. Nyosha mikono, fanya tundu dogo kwa viganja viwili, kitazame kitu cha mbali kwa macho mawili, kisha fumba moja moja. Jicho linalobaki likikiona kitu ndilo jicho lako la kulengea. Likiwa la kulia, bora uvute kwa mkono wa kulia.

La pili ni urefu wa mvuto. Nyosha mikono miwili kando, mtu akupime kutoka ncha ya kidole kirefu hatta ncha ya pili, kisha gawanya kwa mbili na nusu. Mwenye inchi 70 mvuto wake ni kadiri ya inchi 28. Hiki ni kipimo cha kuanzia, na cha mwisho ni mwili wenyewe: ukivuta mpaka mwisho, upote uguse ncha ya pua pasipo wewe kuinamisha kichwa kuufuata, na mkono ulioshika uta usikazwe hatta kiwiko kikapinduka. Kijana wetu uta wake ulikuwa mrefu kwake kwa inchi moja na nusu, na hiyo inchi moja na nusu ndiyo iliyomfanya ajipinde nyuma. Katika mata mengi urefu huu hubadilishwa kwa kipande kilichotiwa skurubu juu ya roda. Fuata kitabu cha uta wako.

La tatu ni uzito. Hapa ndipo kiburi kinapokaa. Kaa juu ya kiti, nyosha uta mbele yako sawa na bega, uvute bila ya kuuinua mbinguni wala kuushusha magotini. Ukishindwa, uta huo si wako leo. Uzito hupunguzwa kwa kulegeza skurubu kubwa mbili, ya mkono wa juu na ya mkono wa chini, kwa ufunguo wa pembe sita. Ukilegeza ya juu mzunguko mmoja, legeza na ya chini mzunguko mmoja, wala usipite kiasi kilichoandikwa katika kitabu, kwani skurubu ikitoka katika nyumba yake uta hufumuka usoni pako. Uta wa kijana wetu wakubali kushuka hatta ratili 40. Tukauweka 45, akauvuta ameketi, mkono umetulia. Aliona haya kidogo. Nikamwambia, "Mwanangu, katika mashindano ya dunia nzima, wanapopiga mita 50, uta wa namna hii haukubaliwi kupita ratili 60. Wewe ulitaka 70 umwonyeshe nani?" Akanyamaza. Na mimi nikanyamaza, kwani nalijua kuwa mmoja wa waliotaka kuonyeshwa ni mimi.

La nne ni kuafikiana kwa roda. Zote mbili zatakiwa zifike mwisho wa mzunguko kwa wakati mmoja. Avute mmoja, mwingine asimame kando atazame. Moja ikitangulia, kamba moja imerefuka kuliko mwenziwe. Kulitengeneza hili ni kazi ya fundi mwenye jiriwa ya kuuminyia uta. Usijaribu kuvua kamba kwa mikono, kwani uta wa roda hata ukiwa umelala umejaa nguvu.

La tano ni mshale. Mshale uwe na ugumu unaolingana na uta, na uwe mrefu kiasi cha kupita mbele ya kilalio chake hatta uta ukivutwa mpaka mwisho. Mshale mfupi huweza kuanguka nyuma ya kilalio ukaingia mkononi. Wala usiwe mwepesi mno. Kwa uta wa ratili 60, mshale pamoja na chembe yake usipungue gramu 19 na nusu. Na kila mara kabla ya kuupiga, upinde kidogo kwa vidole na usikilize. Ukisikia mlio wa ufa, uvunje mwenyewe uutupe.

Kwa sababu hii hii, usiuvute uta ukauachilia mtupu. Mshale ndio uchukuao nguvu kwenda nje. Ukiwa hapana mshale, nguvu yote hurudi katika mikono ya uta, na upote, na roda, ikavivunja, na vipande hurukia uso wa mwenye kushika.

La sita ni mahali pa kutia mshale. Mshale ukilala juu ya kilalio chake, ufanye pembe mraba na upote. Palipolingana pafungwe uzi imara, usiteleze. Kisha pana kitundu kidogo kinachotiwa ndani ya upote ili jicho lichungulie. Fumba macho, vuta mpaka mwisho, tulia, kisha fumbua. Ikiwa jicho limekuta kitundu chenyewe bila ya kutafuta, kimewekwa pake. Ikiwa kichwa chapanda au chashuka kukitafuta, kihamishe kitundu, usihamishe kichwa.

La saba ni mtihani wa karatasi. Tandaza karatasi katika fremu, simama karibu, kadiri ya wari mbili, na nyuma ya karatasi liwepo gunia nene. Piga, kisha soma karatasi kama unavyosoma ubao. Ukiona tundu moja safi lenye mikato ya manyoya, mshale watoka sawa. Ukiona karatasi imechanika kwenda juu, mkia wa mshale wapita juu ya kichwa chake: shusha mahali pa kutia mshale kidogo, upige tena. Ukichanika kwenda kando, sogeza kilalio kadiri ya unywele, upige tena, utazame mchaniko wapungua au wazidi. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Mwenye kubadilisha mawili hajui lipi lililomfaa.

La nane ni pini za kulengea. Anza karibu, wari 10. Piga mitatu, usitazame mmoja. Ikiwa yote mitatu imekusanyika kushoto, sogeza pini kushoto. Ikikusanyika juu, ipandishe juu. Pini huifuata mishale. Ikiwa imetawanyika, usiguse pini, kwani kosa li katika mkono wako. Kisha nenda wari 20, kisha 30.

La tisa ni kurudia. Kamba mpya hurefuka kidogo kwa kutumiwa. Weka alama ya wino katika roda na skurubu, na baada ya mishale mia uitazame tena. Upote upakwe nta, na nyuzi zikianza kukatika ubadilishwe. Wahenga wamesema usipoziba ufa utajenga ukuta, na wamesema tena kamba hukatikia pabovu.

FASLU YA NNE: ADABU ZA UWANJANI

Kabla ya mshale wa kwanza, tembea kwa miguu yako mpaka nyuma ya shabaha. Usitume mtoto, wala usiseme "napajua." Nyuma ya shabaha liwepo tuta la mchanga au ukuta mnene, makuti si kizuizi. Wote wasimame katika mstari mmoja, wala mshale usitiwe katika upote illa shabaha ikiwa mbele na hapana mtu mbele ya mstari. Awepo amiri mmoja, na akisema "Simamisheni," wote washushe mata yao, hatta aliyekwisha kuvuta. Naye aurudishe uta polepole bila ya kuupiga. Mishale ifuatwe pamoja, na isifuatwe mpaka amiri aseme. Wala mtu asivute kwa kuuelekeza uta juu ya shabaha, kwani huko ndiko ulikotoka mshale wetu.

Na imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume ameamrisha mwenye kupita na mishale msikitini au sokoni aishike chembe zake, isije ikamdhuru Mwislamu. Tazameni huruma hii: mshale haujapigwa, upo mkononi tu, na bado ametuonya. Basi ikoje hali ya anayeupiga hali hajui nani yuko nyuma ya ua?

Mwenye kuua kwa kukosea, sharia haikumwacha hivi hivi. Katika Suratun Nisaa, aya ya 92, juu yake ipo kaffara, nayo katika zama hizi zisizo na watumwa ni kufunga miezi 2 mfululizo, na diya kwa warithi illa wakisamehe. Neno "sikukusudia" lamwondolea kisasi, halimwondolei amana.

FASLU YA TANO: MASWALI NA MAJIBU

Swali: Je, yafaa kushindana kwa zawadi?
Jibu: Yafaa kwa madhehebu yetu. Akitoa zawadi mtu wa tatu, au mkubwa wa mji, ni halali. Akitoa mmoja wa washindani wawili, akamwambia mwenziwe, "Ukinishinda ni yako," ni halali. Wakitoa wote wawili na mshindi achukue zote, ni kamari, haifai, illa awepo mtu wa tatu aliye sawa nao kwa uhodari, asiyetoa kitu, ambaye akishinda achukua na akishindwa halipi. Na ijulikane masafa, na ukubwa wa shabaha, na idadi ya mishale ya kupiga na ya kupata, na nani aanze. Haya yote wameyaeleza mafakihi ili watu wasitoke uwanjani wakiwa maadui.

Swali: Je, yafaa kujifunza kwa kupiga kuku au ndege aliyefungwa?
Jibu: Ni haramu. Mtume amekataza kufanya shabaha kitu chenye roho.

Swali: Mnyama aliyewindwa kwa uta huu huliwa?
Jibu: Huliwa kama alivyoliwa kwa uta wa kale: mpigaji awe Mwislamu au Ahlul Kitabi, na kutaja jina la Mwenyiezi Mungu ni sunna iliyosisitizwa, na mshale umwue kwa ukali wa chembe si kwa uzito wake. Aliyekufa kwa kugongwa tu hafai. Akikutwa yu hai hai ya kutulia, achinjwe. Na akianguka majini akafa kwa kuzama, haliwi. Lakini zingatieni kuwa katika nchi ya Kenya uwindaji umekatazwa tangu mwaka wa 1977, na katika Tanzania hautakiwi bila ya ruhusa. Kutii kanuni yenye maslaha ya watu ni wajibu, na kumla mnyama kwa kuvunja ahadi si ushujaa.

Swali: Je, michezo hii ikichelewesha sala?
Jibu: Uta ushushwe adhana inapolia. Aliyeacha sala ili apate shabaha amekosa shabaha kubwa.

KHATIMA

Ndugu zangu, siku zile sita nilizokaa na uta ule zimenifundisha jambo moja la nafsi yangu. Uta wa roda ni mzito katikati ya njia, na mwisho wake ni mwepesi. Mwenye kuvuta nusu akachoka, hubaki na uzito wote mkononi, na raha hakuiona. Hivi ndivyo zilivyo taa. Kuamka alfajiri ni kuzito mpaka unaposimama. Kuomba radhi ni kuzito mpaka unapokaa katika kiti cha uliyemkosea. Mwenyiezi Mungu ameahidi kuwa pamoja na uzito upo wepesi. Lakini wepesi ule haumfikii mwenye kushika mzigo ulio mkubwa kuliko kifua chake kwa ajili ya macho ya watu. Mpunguzie nafsi yako uzito kwa haki, kisha uvute mpaka mwisho.

Na nyinyi walimu wenzangu, watoto mlioletewa ni amana. Kila furaha tunayowaletea, iwe uta, iwe safari ya bahari, iwe gwaride la maulidi, tutangulie sisi kutazama nyuma ya ua.

Tumejenga tuta la mchanga la kimo cha mtu na nusu, upande usio na njia. Kijana amekwisha kurudi Marekani, na uta ameuacha chuoni, kwa ratili 45, akasema usizidishwe mpaka aje. Mama wa yule mtoto nilimwita aje alione tuta kabla hatujaanza. Alilizunguka lote, akaukanyaga mchanga kwa mguu wake, kisha akasema, "Sasa ndiyo, Maalim." Mtoto wake ni katika wanaojifunza, naye kila siku huwa wa kwanza kwenda kutazama nyuma.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyoyatenda kwa kughafilika, na utuhifadhie watoto wetu na shari za mikono yetu. Uzifanye nguvu zetu ziwe kinga kwa wanyonge, wala usizifanye fitna kwao. Na sala na salamu zimshukie bwana wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Amin.